Stendi tatu za ndoo: inveta ndogo, mashine ya kusukwa au ya waya?

Stendi ya kwanza niliyochomelea maishani ilisimama kama dakika kumi. Mke wangu aliweka juu yake ndoo ya lita 20, ile yenye kibomba chini, akageuka kuchukua kikombe, na mguu mmoja ukaachia. Maji yote yakaingia chini ya kabati la vyombo. Nilipookota ule mguu niligundua jambo ambalo sikulitegemea: kwa juu mshono ulikuwa umenona, mtu angeusifia, lakini chini yake mikwaruzo ya grenda ilikuwa bado inaonekana kama nilivyoiacha. Chuma cha kijiti, ile fimbo yenye ganda inayoyeyuka kuunga vyuma, kilikaa juu ya paipu kama ugali juu ya sahani. Hakikushikana na chochote.

Mimi ni mhasibu. Kuchomelea ni kitu cha Jumamosi mchana, nyuma ya nyumba, Kimara. Kwa hiyo sikulinganishii mashine za karakana ya mageti. Naandika kwa ajili ya mtu kama mimi, mwenye soketi ya nyumbani, hela ya kubana na hamu ya kutengeneza stendi, benchi au kichanja cha viatu bila kumwita fundi. Baada ya ile aibu ya ndoo nilijaribu mashine tatu za kuchomelea kwa kazi moja ileile: stendi ya skwea paipu ya inchi moja, unene wa milimita 1.5, miguu minne, fremu ya juu na ya kati. Inveta ndogo ya kwangu (ile nyepesi ya kielektroniki, ya vijiti), mashine ya kusukwa ya jirani (nzito, ya koili), na ya waya ya rafiki yangu wa Mbezi (inayotoa waya badala ya kijiti). Viungio vya majaribio nilivikata kwa grenda nione ndani.

Anza na ukuta, si na boksi

Boksi la inveta yangu limeandikwa 250, yaani ampea, kwa tarakimu nyekundu zenye ukubwa wa kiganja. Muuzaji wa Kariakoo alilipiga kofi akasema, "Hii bosi wangu, unachomelea hadi lori." Nilicheka, nikalipa, na nilipofika nyumbani nikafanya nilichopaswa kufanya palepale dukani: hesabu.

Kwa vijiti, volti inayohitajika kwenye ncha ni 20, ukiongeza 0.04 kwa kila ampea. Ampea 250 zinataka volti 30. Zidisha: wati 7,500. Sasa tazama ukutani. Plagi yetu ya pini tatu bapa ina fyuzi ya ampea 13, na umeme ni volti 230, hivyo kinachoweza kupita kwa amani ni wati 2,990. Hapo hujatoa kinachopotea kama joto ndani ya mashine, wala hasara nyingine isiyosemwa dukani: inveta za bei nafuu huvuta umeme kwa mikupuo, hivyo ampea za ukutani zinakuwa nyingi kuliko kazi inayofanyika. Ukitoa vyote hivyo unabaki na wati 1,800 hivi kwenye ncha ya kijiti. Gawa kwa volti 23, ambazo ndizo kanuni ile inazitaka ukifika karibu ampea 80. Unapata ampea 78.

Yaani uandikiwe 200, 250 au 300, kwenye soketi ya kawaida umenunua mashine ya ampea 80. Unaweza kuizidisha kidogo kwa muda mfupi, kwa sababu fyuzi ya 13 haikatiki sekunde ileile, lakini plagi itapata moto na siku moja utanusa plastiki. Anayetaka zaidi ya hapo amwite fundi umeme amvutie laini yake kutoka kwenye breka, waya wa milimita 4 za mraba, na soketi inayostahili.

Habari njema ni kwamba ampea 80 ndizo hasa zinazotakiwa na kijiti cha milimita 2.5, na kijiti hicho kinatosha karibu kila kitu cha nyumbani. Kwa hiyo swali la kuuliza dukani ni jinsi kila mashine inavyozitumia hizo 80, maana zaidi ya hapo huzipati.

Kibao cha nyuma cha mashine husema ukweli kuliko boksi. Tafuta herufi X yenye asilimia: hiyo ni sehemu ya kila dakika kumi ambayo mashine inaweza kuchoma bila kupumzika. Asilimia 60 kwenye ampea 120 ina maana dakika sita za moto, nne za kupoa. Kipimo hicho huchukuliwa kwenye joto la nyuzi 40, kwa hiyo usiiweke juani halafu ukadai zote sita. Mashine isiyo na kibao kabisa, au yenye kibao kisichotaja X, mimi ningeirudisha kwenye rafu.

Inveta ndogo ya vijiti

Ina kilo nne. Naibeba begani kwa mkanda wake kama mkoba wa kompyuta. Inakuwa nyepesi hivyo kwa sababu inachukua umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde na kuukatakata kuwa mizunguko makumi ya maelfu. Kadiri mizunguko inavyoongezeka, ndivyo kiini cha chuma kinachohitajika ndani kinavyopungua. Moto unaotoka ni wa mkondo mnyoofu, hauzimiki na kuwaka, na kwa anayeanza hiyo ni nusu ya kazi.

Kuwasha ni kama kuchana kiberiti: unakwaruza ncha, unainyanyua kidogo tu. Siku ya kwanza kijiti kiling'ang'ania kila mara. Nikajifunza kukitikisa pembeni, na kikigoma kukibonya kutoka kwenye holda, yaani mshikio wa kijiti, badala ya kuvuta mashine nzima. Ikifika siku ya tatu mkono ukawa umejua.

Ile stendi iliyoanguka ilitoka kwenye mashine hii, na kosa halikuwa lake. Niliogopa kutoboa paipu, nikaweka ampea 50 na kuinua kijiti mbali ili nione vizuri. Juu ya hapo nilitumia ekstensheni ya mita 30 yenye waya mwembamba wa milimita 0.75 za mraba. Piga hesabu: umeme unaenda na kurudi, mita 60, karibu ohm 1.5. Kwa ampea 13 unapoteza volti 20 njiani, na joto la wati zaidi ya 250 linakaa ndani ya waya uliokunjwa kwenye gurudumu lake. Niliugusa baadaye, ulikuwa laini kama tambi. Ilikuwa saa moja usiku, umeme wa mtaa wenyewe umeshachoka. Kilichofika kwenye kijiti kilikuwa mabaki.

Nilirudia Jumapili asubuhi, mashine karibu na soketi, ampea 70, ncha ikikaribia kugusa chuma. Kiungio nilichokikata kilikuwa kimeyeyuka ukuta mzima wa paipu bila tundu. Kwa chuma chembamba namna hii nageuza pia waya: holda kwenye hasi, ethi (waya wa klampu inayobana chuma) kwenye chanya. Joto haliingii ndani sana, na vijiti vya 6013 (namba hiyo ni ya aina ya kijiti) vinakubali pande zote mbili. Hivyo 6013 ndivyo vya kuanzia, vinapatikana hata kwenye duka la misumari na chokaa. Vile vya 7018 ambavyo watu watakuambia ni vya nguvu viache kwanza. Ni kweli vina nguvu, lakini vinataka kukaa vikavu mno, na Dar es Salaam hakuna kitu kinachokaa kikavu.

Madhaifu yake ninayajua kwa kuishi nayo. Klampu ya ethi iliyokuja nayo ni bati lililokunjwa, haibani; niliibadilisha wiki ya pili na ghafla mashine ikawa kama mpya. Waya zake ni fupi, mita moja na nusu hivi, hivyo mashine inakaa miguuni pako, palepale ambapo grenda inarusha vumbi la chuma. Feni inalivuta lile vumbi hadi kwenye bodi, na vumbi la chuma linapitisha umeme. Ndivyo nyingi zinavyokufa. Mimi naizima na kuigeuzia mgongo ninapowasha grenda. Ikifa, fundi redio mzuri anaweza kubadilisha vipande vilivyoungua, lakini si kila mtaa una fundi huyo, na wakati mwingine gharama inakaribia nusu ya mashine mpya.

Kwa matumizi ya umeme haina makuu. Kijiti cha 2.5 kinaisha kwa dakika moja hivi. Kwa mvuto wa kilowati 2.3, vijiti 20 havifiki uniti moja ya LUKU.

Mashine ya kusukwa

Hii ndiyo unayoiona nje ya kila karakana ya mageti: sanduku la bati, ndani kiini cha chuma na koili ya shaba au alumini iliyosukwa na fundi wa hapahapa. Gerezani wanazitengeneza, Nairobi wenzao wa Kamukunji vilevile. Ya jirani yangu, mzee anayechomelea mageti tangu sijaoa, tuliibeba watu wawili tukipumzika mara mbili, na ni mita hamsini tu.

Nilipoiwasha, taa za sebuleni zilipepesa na breka ikaruka. Ikaruka tena. Mzee akacheka. "Hiyo nyumba yako ina umeme wa kuchajia simu, mdogo wangu." Hesabu inamuunga mkono. Transfoma ya namna hii hutoa volti 50 na kitu kabla moto haujawaka. Mara ampea 80 ni 4,000, gawa kwa 230, unapata ampea 17 na ushei ukutani. Kwa kazi ileile ambayo inveta inaifanya kwa 13! Tulihamia kwake, kwenye laini yake.

Ina ngurumo nzuri, nakiri. Lakini mkondo wake unageuka geuka, kwa hiyo moto unafifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde, na mkono wa mgeni unauhisi: kijiti kinazima ukikisogeza kidogo tu. Kurekebisha ampea ni kuhamisha nati kutoka tundu moja hadi jingine, na yake yalikuwa matatu. La chini kabisa lilikuwa kali kwa paipu yangu. Nilitoboa mara mbili kwenye kona ileile, nikaziba, nikatoboa tena. Mzee aliniangalia akasema, "Kijiti hakisukumwi, kinaburutwa. Na usikae sehemu moja kama unasubiri daladala." Kisha akachukua holda, akamaliza kona tatu kwa mashine ileile, tundu lilelile, bila kutoboa hata moja. Kwa hiyo ndiyo, inawezekana. Ila yeye ana miaka thelathini nayo.

Mashine hii haiogopi vumbi, haiogopi umeme mdogo, na ikiungua inasukwa upya. Kwa mtu anayetaka kufungua karakana, ningesema aitazame kwa heshima. Kwa hobi ya Jumamosi kwenye nyumba ya kupanga, hapana. Isitoshe nyingi zina nati za umeme zilizo wazi nje ya sanduku, na volti 50 au 70 za mkondo wa kugeuka, mtu akiwa na jasho na kandambili, si mchezo.

Ya waya isiyotumia gesi

Hapa hakuna kijiti. Waya mwembamba unatoka wenyewe kwenye mdomo wa bunduki ukibonyeza kitufe, na ndani ya waya mna unga unaofanya kazi ya lile ganda la kijiti, hivyo huhitaji mtungi wa gesi. Upepo wa uani hauusumbui kama unavyosumbua mashine za gesi.

Siku ya kwanza ilitema cheche kama jiko la mafuta lililoingia maji. Mshono ukawa punje punje, unaanguka kwa kucha. Tulilaumu waya, tukalaumu umeme, tukapunguza kasi, tukaongeza. Saa nzima. Mwishowe rafiki yangu akafungua mlango wa pembeni na kuona mchoro mdogo: bunduki ilikuwa imefungwa kwenye chanya, mpangilio wa waya mtupu wa gesi. Waya wa unga unataka bunduki iwe hasi. Tukabadilisha nati mbili, na mashine ikanyamaza, ikaanza kutoa ule mlio wa kukaanga vitumbua ambao watu wanausema.

Baada ya hapo, sikufichi, ilikuwa tamu. Kushikiza ni kwa mkono mmoja: mkono wa kushoto unashika paipu kwenye pembe, wa kulia unabonyeza nusu sekunde, imekaa. Kwa kijiti kazi hiyohiyo inataka sumaku, klampu na dua. Stendi nzima niliimaliza kwa nusu ya muda. Kwa chuma cha milimita 1.2 au 1.5 hakuna mashine kati ya hizi tatu inayoikaribia kwa urahisi.

Lakini hapo ndipo inapodanganya. Viungio vyangu vitatu vya kwanza vilikuwa vizuri kuliko chochote nilichowahi kufanya, na nilipovikata, viwili vilikuwa ugali juu ya sahani, sawa na ile stendi iliyoanguka. Kijiti chenye ampea ndogo kinakuadhibu palepale kwa kung'ang'ania. Waya unaendelea kutoka tu, na wewe unatabasamu. Nilipopandisha moto na kupunguza mwendo wa mkono, vikashika.

Gharama nayo. Mashine yenyewe ni kama mara mbili ya inveta ya vijiti. Roli ya kilo moja inauma kuliko pakiti ya vijiti, si kila duka la vifaa vya ujenzi linayo, na ukiiacha wazi kwenye hewa yetu ya pwani inapata kutu na kuanza kukwama njiani. Halafu kuna kile kimdomo cha shaba kinachoziba, na magurudumu ya kusukumia waya ambayo kwenye mashine za bei ya chini ni ya plastiki. Rafiki yangu alishapata fundo la waya ndani ya mashine mara mbili, kama nywele za mtoto aliyelala bila kusukwa.

(Kuna na zile za bastola, ambazo inveta nzima iko kwenye mpini. Nilizishika dukani tu. Zinapendeza kwenye video, ila uzito wote uko kwenye mkono uleule unaotakiwa utulie.)

Hela usiyoipangia

Chochote utakachochagua, toa kwanza hela ya kinga ya uso. Kioo namba 10 au 11, na kama unaweza, helmeti ile inayojitia giza yenyewe moto ukiwaka, kwa sababu mgeni anataka kuona ncha iko wapi kabla ya kuwasha. Miwani nyeusi ya barabarani ambayo mafundi wengi wanafumbia nayo jicho moja haitoshi kamwe. Macho hayaumi pale pale; yanaumia mchana, halafu saa sita usiku unaamka unahisi mchanga chini ya kope. Nimeshalala usiku mmoja hivyo, kwa sababu ya kushikiza "mara moja tu". Ongeza glavu za ngozi, shati la pamba la mikono mirefu, na viatu vilivyofunika mguu. Nailoni inayeyukia kwenye ngozi.

Paipu na mabati yaliyopakwa zinki yakwangue kwanza sehemu ya kuchoma na ukae upande upepo unakotoka; moshi wake mweupe unaleta homa na kutetemeka usiku. Na pipa lililowahi kubeba mafuta, hata likiwa tupu miaka, usiliguse.

Ningenunua ipi

Kama unaanza, una soketi moja na hujui bado kama hobi hii itadumu hadi Ramadhani ijayo: inveta ndogo ya vijiti, bei yake ni kama grenda mbili nzuri, pamoja na klampu bora na kilo chache za 6013 za 2.5. Nusu ya hizo zichomee kwenye vipande chakavu kabla ya kugusa kazi. Ukikaribia kununua ile ya namba kubwa zaidi kwenye boksi, kumbuka ukuta wako, chukua ya namba ndogo yenye kibao kamili, na tofauti iweke kwenye helmeti.

Kama unajua tangu mwanzo kwamba kazi zako zote ni paipu nyembamba, viti, meza, fremu za vioo, na hela ipo, nenda kwenye waya moja kwa moja. Hutajuta, ilimradi uwe unakata kiungio kimoja mara kwa mara na kutazama ndani. Ya kusukwa ningeinunua siku nikiwa na laini yangu ya umeme, kibanda, na mtu wa kunisaidia kuibeba.

Stendi zote tatu zipo. Ya waya inabeba ua la barazani, ya kusukwa mzee aliichukua akawekea betri, na ile ya inveta, yenye mguu niliouchomelea upya, ipo jikoni na ndoo yake. Mke wangu bado anaitikisa kwa mkono kabla ya kuweka maji.